Mashine Iliyofuta Vicheko

Redio ya Balbina muuza kahawa ilikuwa haijamaliza hata taarifa ya habari pale kwenye benchi la Kibaoni, na Bunge tayari alikwisha kuikatiza. Jina lake halisi ni Eustaki, lakini huyo bwana hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, awe mtu au mtangazaji.

"Mmesikia? Vijana wa mtaa wa Viwanja Sitini wametengeneza mashine ya akili mnemba! Unapakia sauti ya Kipogoro, inaandika yote, kisha inakutafsiria kwa Kiswahili safi. Kiingereza ukitaka, kipo! Jamani, Ulaya imehamia Ifakara!"

"Umeme ukikatika hiyo Ulaya inahamia wapi?" alidakia Reli, dereva wa bajaji, ambaye abiria wake wote ni sisi wa benchini na hatulipi.

"Wivu utakuua wewe! Mashine inaandika mpaka pumzi!"

"Basi ikae mbali na mke wangu. Yule akikwambia 'sawa' kwa namna yake, hakuna mashine duniani ya kuitafsiri."

Watu walicheka, isipokuwa Anselim. Huyu ndiye anayeitwa Kambale, kwa kuwa ukimbana kwenye hoja anakuponyoka kabla hujakunja vidole. Asubuhi ile kahawa ilikuwa imempoa mkononi. Mashine hiyo alikuwa ameshaijua, na alikuwa anaichukia kwa roho yake yote.

"Kambale vipi, leo umekwama kwenye tope?" Reli alimchokoza.

"Hiyo mashine yenu imenitangaza muuaji," Anselim alisema, akampa Bunge simu. "Wewe si unapenda kusoma? Soma."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mama yake Anselim alizikwa mwezi uliopita. Gladness, binti wa kaka yake Kelestini, anafanya kazi Dodoma na hakuwahi mazishi. Akaomba arekodiwe sauti za msiba. Akarekodiwa. Na kwa vile Kipogoro hajui hata cha kuombea maji, akaipakia ile sauti kwenye mashine. Majibu yakatoka, naye akamrushia baba yake mdogo.

Bunge alikohoa kama katekista.

"'Amin, nawaambieni, Anselim alimwua mama yake kwa njaa. Pepeta ya mpunga mchanga alimnyima, na bata akamla peke yake gizani. Mzikeni mwanamke huyu kifudifudi, asije akafufuka kudai sufuria yake.'"

Benchi lililipuka. Balbina ilibidi aweke birika chini.

"Huyo si Febronia huyo!"

"Ndiye! Nani mwingine?"

Febronia ni mtani wa ukoo wa kina Anselim tangu enzi za mababu, na kazi ya mtani msibani inajulikana: kuwatukana wafiwa mpaka wasahau kulia. Siku ile alijilaza mlangoni, akazuia jeneza lisitoke, akamwaga matusi ya kutosha kata nzima. Watu walicheka machozi yakiwa bado mashavuni, na Anselim mwenyewe alishika mbavu.

"Sasa mtoto kaamini?" Balbina aliuliza.

"Soma na huo ujumbe wa chini," Anselim alisema.

Bunge akasoma, safari hii taratibu. "'Baba mdogo, nimesoma yote. Arobaini siji. Namtafuta wakili. Bibi hakustahili kufa vile.'"

Hapo kicheko kilipungua. Kila mtu pale anajua mafuriko yalipokata barabara ni nani aliyembeba yule mama mgongoni mpaka hospitali. Anselim maneno yale yalikuwa yamemchoma, na hakujua hata aanzie wapi kujitetea. Ukibisha kwamba hukumuua mama yako, umeshakubali kwamba ni jambo la kujadiliwa.

Mungu hamtupi mja wake. Akapita Evod, mmoja wa vijana waliotengeneza mashine, begi la kompyuta mgongoni na kola imenyooka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mpelelezi," Reli alijibu. "Njoo, mtuhumiwa wako yuko hapa."

Evod akasomewa. Akatikisa kichwa kwa fahari, eti ameridhika.

"Mbona iko sawa? Kila neno imelipata!"

"Hayo 'amin nawaambieni' mmeyatoa wapi?" Bunge alimrukia.

"Mzee, kuifundisha mashine lugha kunahitaji sauti nyingi. Kwa Kipogoro tulichopata kingi ni mahubiri."

"Kwa hiyo inadhani kila Mpogoro yuko altareni!"

"Na vicheko?" Anselim aliuliza. "Pale watu walikuwa wanacheka. Mmeviandika wapi?"

"Vicheko tunaviondoa kwanza, baba. Pamoja na mbuzi, honi na upepo. Ile ni kelele, inaichanganya mashine."

Anselim alisimama. Kwa umri wake huwa anasimama kwa awamu, lakini safari hii alisimama mara moja.

"Kelele? Kicheko ndiyo maneno yenyewe, we mtoto! Ukitoa kicheko kwenye utani, kinachobaki ni kesi!"

"Lakini usahihi wake, baba, kwa kweli ni..."

"Usahihi! Umeniangamiza bila kukosea hata neno moja!"

Evod alilamba midomo. "Hilo tutalirekebisha. Tuna mpango wa kuwaita watani ofisini, wajitolee kurekodi matusi. Tutawapa fulana."

"Wamtukane nani huko ofisini?" Bunge alihoji. "Feni?"

Kabla hajajibu, Febronia mwenyewe akatokea, ungo wa dagaa kichwani.

"Kambale! Bado unapumua? Na mimi nilishaanza kuzoea kukusahau!"

Hakuna aliyecheka. Wote waliiangalia simu iliyokuwa mkononi mwa Evod, isije ikawa inarekodi, kama watu waliokutwa na askari. Febronia akashusha ungo.

"Kwani hapa kafa nani? Mbona hata msibani mlichangamka kuliko hivi?"

Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga. "Mpigie," akasema.

Simu ikaita, ikawekwa sauti kubwa.

"Baba mdogo, nilishasema mimi..."

"Siye. Ni mimi niliyetoa ushahidi. Febronia."

"Shikamoo, bibi," sauti ililegea.

"Marahaba. Mjukuu wangu, uliposikia watu wanavyocheka, ulidhani wanacheka nini?"

"Sikusikiliza, bibi. Nilisoma."

"Msiba wa bibi yako umeusoma," Febronia alisema. "Haya, ufungue sasa usikilize. Sisi tupo, vocha ni ya Kambale."

Wakasikia kwa mbali, Dodoma, msiba wao wenyewe ukilia na kucheka. Sauti ya Febronia ikipanda, watu wakiangua, na juu ya wote mwanaume mmoja akikoroma kwa kicheko kama mashine ya kukoboa mpunga inayogoma kuwaka.

"Huyo ni nani?" Gladness aliuliza. "Anacheka mpaka kama analia."

"Kelestini," Anselim alijibu. "Baba yako."

"Baba? Baba nyumbani sijawahi kumsikia akicheka."

"Nyumbani kwenu huko," alisema Febronia, "nani wa kumtukana?"

Simu ikatoa mlio. Ulianza juu, ukavunjika, ukaanza tena. Evod alisogeza sikio karibu, uso umekunjamana kwa kazi.

"Samahani, wazee. Hicho ni kicheko au ni kilio?"

"Huyo ni mtoto wa kaka yangu," Anselim alisema, akikaa. "Na anakuja arobaini."