Marufuku Kukata Simu

Tangazo lilitolewa Jumatatu asubuhi, mbele ya maua ya plastiki na wafanyakazi wote wa Kurugenzi ya Kudumisha Namba za Nyumbani, ambao walikuwa wameelekezwa mapema pa kupigia makofi.

"Ndugu wadau," alisema Mkurugenzi, "kuanzia leo hakuna mwananchi atakayehama kutoka waya wa shaba kwenda faiba akaiacha namba yake nyuma. Namba ni utu. Namba ni urithi. Namba ni mwananchi mwenyewe, ila kwa tarakimu."

Makofi yakapigwa. Yakapigwa tena pale pasipopangwa, lakini Mkurugenzi hakuwa mtu wa kukataa riziki.

Sasa, wambea hawakosekani, na wapo waliosema Mkurugenzi kafanya haya yote kwa ajili ya mama yake. Uzushi mtupu! Alifanya kwa ajili ya taifa. Mama yake ni sehemu ya taifa, basi, tena ile sehemu isiyochoka kupiga simu.

Ukweli wenyewe ni huu. Mtaa anaoishi mama ulikuwa unawekewa faiba. Jirani wa kushoto alishahama, namba yake ikapotelea njiani, akapewa nyingine iliyokuwa ya bucha. Tangu siku hiyo anaamshwa na watu wanaotaka maini. Mama kusikia hivyo akashtuka, akampigia mwanawe ofisini.

"Mwanangu, namba yangu ikipotea, mdogo wangu atanipataje?"

Swali lilikuwa zito. Mdogo wake, ambaye Mkurugenzi alimwita Mama Mdogo kama ilivyo desturi, hakuwa anaona tena. Kila alasiri alikaa na simu mapajani, vidole vikatembea vyenyewe juu ya vitufe mpaka kwa dada yake. Wajukuu walijaribu kumfundisha namba nyingine, vidole vikakataa katakata. Namba ile ikifa, ndugu wawili wangeachana hivi hivi, kila mmoja mzima, kila mmoja kwake.

"Nimekusikia mama, niko kikaoni," alisema Mkurugenzi, akakata simu. Hakuwa kikaoni, alikuwa anamenya chungwa. Lakini roho ilimuuma kweli, maana Mama Mdogo ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na mgongo wa mtu hausahauliki.

Basi ikaundwa kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, ukafanyika upembuzi yakinifu wenye chai na vitafunio, na mwisho likazaliwa agizo la sentensi moja: *Ni marufuku kwa mtumishi yeyote kukata simu ya mteja kabla namba yake haijahama.*

Mkurugenzi alimaanisha mafundi wasikate waya. Mtu yeyote angeelewa hivyo. Ila watumishi wa Kurugenzi hawakuajiriwa ili waelewe, waliajiriwa ili watii.

Kwa kuwa kiongozi bora huonyesha njia, Mkurugenzi akaelekeza namba ya mama yake iwe ya kwanza kuhamishwa. Kazi akapewa karani mmoja wa ukumbi wa simu, binti aliyeitwa Kinanda kwa sababu ya sauti yake tamu.

"Shikamoo mama. Naongea na mwenye simu?"

"Marahaba. Mwenye simu ndiye mimi."

"Ni Kurugenzi, mama. Unakubali kuhamia faiba pamoja na namba yako?"

"Nakubali kwa mikono miwili."

"Ahsante kwa ushirikiano wako."

"Haya mwanangu, siku njema."

"Na kwako pia, mama."

Mama akangoja simu ikatwe, akasikia mtu anahema.

"Mbona hukati?"

"Siruhusiwi, mama. Mpaka namba ihame."

"Itahama lini?"

Kinanda akaziba simu kwa kiganja, akamuuliza fundi wa mitambo. Fundi akatikisa kichwa: mtambo hauhamishi namba iliyo hewani.

"Itahama nikikata, mama."

"Si ukate!"

"Siruhusiwi mpaka ihame."

Mama akarudisha mkono wa simu mahali pake, akaenda zake kuanua nguo. Aliporudi akauinua.

"Bado nipo, mama," alisema Kinanda.

Ndivyo zilivyo simu za shaba. Aliyepiga asipokata, laini haimwachii aliyepigiwa hata atambike. Na simu ya mkononi mama alikuwa nayo, ila ilikaa kabatini ndani ya soksi, imezimwa ili isichakae.

Katikati ya wiki, ukumbi mzima ulikuwa katika hali hiyo. Karani mmoja alipatanisha mke na mume. Mwingine alimsaidia mtoto wa mteja hesabu za shule, wote wawili wakazikosa. Jioni mikono ya simu ilikabidhiwa rasmi kwa zamu ya usiku, asubuhi ikapokelewa ikiwa ya moto. Wateja wakakata tamaa, kitu pekee kilichoruhusiwa kukatwa.

Taarifa ikaandaliwa. Ilisema muda wa Kurugenzi kuwasikiliza wananchi umepanda kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Ilisema pia kwamba namba zilizohama ni sifuri, lakini hilo lilisemwa kwa maandishi madogo, kwa kuheshimu macho ya wakubwa. Waziri alifurahi kupita kiasi. Akatangaza agizo liwe la kudumu, na atakayekata simu, awe nani, kazi hana. Mkurugenzi akalitundika ukumbini likiwa na saini ya Waziri, ndani ya fremu ya dhahabu isiyo dhahabu.

Alikuwa bado anaifuta vumbi fremu hiyo wakati simu yake ya mkononi ilipolia. Alikuwa binti wa Mama Mdogo.

"Kaka, mama analia. Kila akipiga kwa mama mkubwa, laini ina mtu. Asubuhi ina mtu, jioni ina mtu. Anasema dada yake kafa na sisi tunamficha."

"Mwambie ni mzima!"

"Nimemwambia mpaka koo limekauka. Anasema maneno yangu hayataki, anataka sauti ya dada yake. Ameshavaa viatu, kaka. Nitamzuiaje?"

Mkurugenzi akamwona akilini mama yule asiyeona akipapasa kuta barabarani, na kosa ni la nani? Kwa mara ya kwanza tangu apate cheo, aliona aibu bila kushauriwa na kamati.

"Kateni!" alipaaza sauti katikati ya ukumbi. "Kateni simu zote!"

Makarani, simu masikioni, wakamwonyesha fremu kwa vidole. Akamwendea Kinanda.

"Lete hapa."

"Mheshimiwa, unapokea makabidhiano?"

"Napokea!"

"Jamani mmesikia, kapokea!" alisema Kinanda, akanyakua mkoba wake, akatoka mbio kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mkurugenzi akaiweka simu sikioni, akangoja karibu saa nzima mpaka mama alipouinua mkono wa simu kwake.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Ala! Yule wa vikao?"

"Mama, nisikilize. Mama Mdogo anadhani umekufa, yuko njiani huko..."

"Njiani wapi? Yuko hapa, anakunywa chai. Binti yake kamleta sasa hivi. Kanipapasa uso mzima, na pua, ndipo akaridhika."

Mkurugenzi alifurahi mpaka macho yakamlowa. Aliegemea meza ya Kinanda, akashusha pumzi.

"Mungu mkubwa. Basi mama, ngoja tuhamishe hiyo namba, ili akirudi kwake aweze..."

"Namba ya nini tena? Harudi. Nimemwambia kaa hapa, kitanda kipo. Yule aliyekuwa akinipigia tutalala chumba kimoja, nani nimtunzie namba? Fungeni faiba, fungeni kamba, shauri yenu."

Makarani wote walikuwa wanakitazama kidole cha Mkurugenzi, ambacho kilikuwa kinasogea polepole kuelekea kitufe. Karani mmoja akaziba simu yake, akamnong'oneza mwenzake, "Mchimba kisima..."

"Shh! Tusikie."

Kidole kikafika juu ya kitufe. Mkurugenzi akainua macho, akaiona saini ya Waziri. Kidole kikarudi kwao.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "siwezi kukata."

"Najua. Yule binti alinisomea agizo lako lote. Zuri sana, mwanangu, Mungu akubariki."

"Lakini niko kazini, mama."

"Kazi si ndiyo hii? Ngoja mdogo wangu asogee, naye asikie. Haya. Tuanze na mwaka ule uliosema unakuja, tukachinja kuku, tukakaa mlangoni mpaka chakula kikapoa."

Mkurugenzi akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaomba aletewe kiti.