Siku Turubai la Mtaa Lilipotoka kwa Ajili ya Mtu Asiyewahi Kuzaliwa

Tulieni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe unayepeta nafaka ya teff weka ungo chini, maana nasimulia vita alivyopigana Wondimagegn mwana wa Aberash, mwenye kalamu isiyochoka na viatu vilivyochoka, Jumapili moja baada ya misa, hapa mtaani kwetu Addis Ababa, alipolitwaa turubai la chama cha kuzikana bila mkuki, bila ngao, na bila maiti.

Miaka kumi na mmoja shujaa huyu alikuwa ameandika na hakuna aliyemsoma. Ndipo mwongozaji mmoja akaichukua hadithi yake aifanye filamu, hadithi ya mauaji lakini ya kuchekesha. Mwandishi fukara anautupa mswada wake dirishani kwa hasira, unamwangukia mwenye nyumba kichwani, na mwenye nyumba, Kebret, anakata roho pale pale, mtu wa kwanza duniani kuguswa na kitabu kile. Mwuaji anamficha siku tatu, kisha anakuja kuketi msibani, anatafuna ngano ya kuchemsha na kumpa pole mjane. Sasa msiba bila turubai ni msiba gani? Mwongozaji alikuwa ameapa: lisipopatikana kufikia Jumamosi, mwisho wa hadithi utaandikwa na mtu mwingine, na jina la Wondimagegn litafutwa kwenye filamu.

Lakini turubai letu lina sheria, nayo ni ngumu kuliko lango la ngome. Halitoki stoo ila kwa mfu.

Mlangoni mwa stoo walikuwa wameketi wakuu wa chama, kahawa ikichemka mbele yao. Alikuwepo Gashe Demissew, gashe ndivyo tumwitavyo mzee wa heshima, mwenyekiti na mlinzi wa ufunguo. Alikuwepo Gashe Lakew, aliyezika wengi na kuwacheka waliobaki. Na alikuwepo Mama Askalech wa daftari la mahudhurio, ambaye kwa kumwogopa yeye hata wagonjwa hujikokota kwenda mazishini.

"Nani amefariki, mwanangu?" akauliza Gashe Demissew.

"Hajafariki mtu, gashe. Amefariki mtu niliyemtunga."

Gashe Lakew akataka kujua kama huyo wa kutungwa ni mwanachama, na kama ni mwanachama, mbona hajawahi kumwona akibeba jeneza. Wakacheka. Mama Askalech hakucheka. Alilamba kidole, akafunua daftari, na hapo ndipo pigo la kwanza lilipotua.

"Huyo wako tumwache kwanza. Wewe mwenyewe, mwana wa Aberash, misiba kumi na minne hatukukuona. Mama yake Tsige tulimzika mvua ikitupiga. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika, mama."

"Unaandika nini wewe kinachokuzuia kubeba benchi?"

Shujaa akayumba kama nguzo iliyochimbiwa vibaya. Wengine wangerudi nyumbani. Yeye akaingiza mkono ndani ya koti, akachomoa silaha yake ya pekee, karatasi zilizofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Nilikuwa naandika hiki. Hizo siku kumi na nne nilizowaibia zimo humu. Nisikilizeni, halafu mnifukuze."

Akasoma. Alisoma toka kikombe cha kwanza cha kahawa mpaka cha tatu, na hakuna aliyeondoka, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu azaliwe, kwa maana hata mwongozaji, tulikuja kujua baadaye, alikuwa amesoma kurasa kumi tu. Gashe Lakew alicheka hadi akavua meno akayatia mfukoni kwa usalama. Lakini Kebret alipoanguka uani, Mama Askalech alishika shavu.

Mwisho ulipofika, Gashe Demissew aliuliza jambo moja. "Huyu mwenye nyumba, nani alimlilia kwa kweli?"

Wondimagegn akapekua karatasi, akapekua tena. "Hakuna, gashe. Waigizaji watajifanya."

"Hapo umekosea. Alikuwa mkorofi, aliwakatia wapangaji maji, nimesikia. Mimi nimezika wakorofi kumzidi, na nikawasemea mema bila kupepesa jicho. Turubai hili halijawahi kufunika machozi ya uongo, wala halitaanza wakati ufunguo uko kwangu."

Shujaa akainamisha kichwa, akaanza kufunga kamba ya kiatu.

"Kwa hiyo," akasema Gashe Demissew, "tutakuja wenyewe."

Jumamosi tukaja, shuka tulizojitanda zimegeuzwa pindo juu, kimsiba, tukamlilia Kebret kama ndugu, hata waigizaji wakaacha kazi wakabaki kututazama, na mwongozaji akasahau kusema basi. Gashe Lakew alimwambia mjane kwamba marehemu alikuwa bahili, ndiyo, lakini salamu hakumnyima mtu. Na Wondimagegn alibeba mabenchi kumi na manne, peke yake, Mama Askalech akihesabu.

Jina lake lilibaki kwenye filamu. Lilipita upesi, macho yetu ya kizee hayakuliwahi. Basi ninyi mnaoandika vita vya wafalme, acheni nafasi kidogo pembeni, muandike kwamba turubai lilitoka bila maiti, likarudi bila tundu. Na anayebisha aende kwa Mama Askalech, afunue daftari, msiba wa Kebret, mstari wa mwisho. Kwa wino mweusi, bila kufutwafutwa, pameandikwa: Wondimagegn, alikuwepo.