Niko Mara Tatu Ukutani

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Mchoraji amefika hapa Gulwe. Binti wa Kondoa, anaitwa Naima. Kamati ya shule imempa ukuta mzima wa darasa la nne achore mafuriko yaliyotukumba mwaka ule. Anasema ataweka asubuhi, mchana na jioni kwenye picha moja, na mtu yuleyule ataonekana kila mahali alipokuwa. Kwanza atatusikiliza. Nafasi hiyo! Watoto watautazama ukuta huo miaka hamsini. Lazima niwe shujaa.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwendea na karanga za kukaanga. Nikamsimulia nilivyojitosa majini, kamba kiunoni, nikamtoa Bibi Emiliana mgongoni. Akaandika yote. Akauliza kamba niliifunga wapi. Nikasema kwenye mti. Mti gani? Nikakumbuka nina ng'ombe wa kupeleka joshoni.

Jumatano, 13 Agosti
Tatizo dogo. Aliyemtoa bibi ni Anyesi, mke wa kaka yangu. Mimi nilikuwa juu ya paa la mashine ya kusaga. Nimeenda kumwambia shemeji kwamba mahojiano yameahirishwa hadi wiki ijayo. Akashukuru, akaendelea kupepeta mtama. Kazi safi.

Alhamisi, 14 Agosti
Naima amekwenda kwa Bibi Emiliana mwenyewe! Huyo sikumfikiria. Ana miaka themanini na kitu, nilidhani amesahau. Nimemkimbilia, nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikamuuliza kama anaukumbuka mgongo wangu.
"Mgongo siukumbuki, mjukuu wangu," akasema. "Sauti yako ndiyo naikumbuka. Ulikuwa unamwita mama yako kutoka kule juu."

Jumamosi, 23 Agosti
Ukuta umekamilika. Kijiji kizima kimekuja. Kushoto ni asubuhi: maji ya udongo, reli imening'inia, Anyesi anajifunga kamba. Katikati ni mchana: Anyesi tena, maji kifuani, bibi mgongoni.
Mimi nipo mara tatu. Asubuhi niko juu ya paa, mdomo wazi. Mchana bado niko juu ya paa. Jioni maji yameondoka, nimeshuka, suruali kavu, nawasimulia watu huku nimeinua mikono.
Watoto walinitambua kabla yangu. Anna, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini.
Anyesi hakucheka. Alisimama muda mrefu mbele ya picha yake. Akafuta macho kwa kanga. Alisema siku ile alijua atakufa, na hakujua kama kuna mtu aliyemwona.
Naima akanijia pembeni. Akasema Anyesi hakumbuki karibu chochote. Kamba, maji ya kifuani, jinsi bibi alivyobebwa, vyote yeye Naima amevipata kwangu.
Ni kweli nilimwona. Kutoka kule juu niliona kila kitu.

Jumapili, 24 Agosti
Anyesi ameniletea kuku. Anasema ni shukrani kwa kumwona siku ile. Nimempokea.
Naima anaondoka Jumanne. Kule Ihumwa wamempa ukuta mwingine: siku reli mpya ilipoanza kujengwa pale. Sijawahi kufanya kazi ya reli. Nimemwambia nilikuwa naendesha kijiko, lile gari la kuchimbia udongo, na ndimi niliyechimba wa kwanza. Ameandika. Kesho asubuhi naenda kwa Daudi, aliyewahi kuliendesha kweli, anieleze linawashwaje.