Malalamiko Juu ya Nesi Aliyechemsha Komwe Zetu

Nyumba ya Wazee,
Njia ya Chukwani, Unguja.
Juni, 1968

Ndugu Mkubwa wa Nyumba za Wazee,

Baada ya salamu na kukuombea afya ya mwili, hasa ya ngozi, naomba unisikilize. Mimi ni Borafya Mjaka, niliyekuwa muuza kahawa pale Darajani. Nyumba yetu imeingia upele. Upele wenyewe sina ugomvi nao; umekuja kama mgeni yeyote na utaondoka. Ninayemshitaki ni nesi wetu, Bi Tabia, ambaye ana elimu, ana adabu, na hataki kutuacha tujikune kwa raha zetu.

1. Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye kucha. Bi Tabia hakuliachia jambo hilo majaaliwa. Ulipoingia upele tu, alitukata kucha sote.

2. Hutupaka dawa nyeupe kuanzia shingoni hadi nyayoni, na ni marufuku kukoga mpaka aseme yeye. Nimefanana na ukuta mpya wa chokaa. Mjukuu wa Mzee Makungu, jirani yangu wa kitanda, alikuja kumtazama babu yake, akatuona tumekaa barazani, akarudi mbio kwa mamake.

3. Amechemsha mashuka, sawa. Amechemsha na kofia yangu ya viua, ambayo sasa inamkaa mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha akachukua komwe zetu za bao, kwa kuwa kila mkono huzishika, akazitia sufuriani zikatokota kama maharage. Tangu hapo kila nikimfunga Mzee Makungu husema komwe zimebadilika uzito, na ushindi wangu hauhesabiwi.

4. Amekataza kupeana mikono. Mzee Machano, ambaye masikio yake yamechoka, haisikii shikamoo yangu ya mbali, na ameninunia. Nami nilipokuwa Darajani kikombe kimoja kilizunguka soko zima, akakinywea Bwana Akbarali wa duka la misumari na mchukuzi wake, na hakuna aliyewashwa.

5. Hili ndilo lililoniuma. Bi Tabia anataka kila mwenye upele amtaje aliyegusana naye, ili wapakwe dawa siku moja. Mimi alinikuta nao katikati ya vidole vya mkono wa kulia, basi, kwengine safi. Akanikalisha barazani mbele za watu, akasema kwa upole, "Mzee wangu, upele hauletwi na upepo. Nambie ni mkono wa nani." Nikamjibu sikumgusa mtu. Akageuza macho upande wa wanawake, alikokaa Bi Mwanamkasi, aliyerudi majuzi kutoka kwa wapwa zake Jambiani akijikuna.

Ndugu Mkubwa, mimi Bi Mwanamkasi simjui. Najua tu kwamba anapenda kahawa yenye tangawizi nyingi, kwamba goti lake la kushoto humuuma mvua ikikaribia, na kwamba akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya kanga. Hayo anayajua kila mtu. Lakini mjane wa heshima hatajwi mbele ya kadamnasi kwa ajili ya kidudu kisichoonekana. Nilikasirika, na hasira bado ninazo.

6. Kwa kukataa kwangu nimetengwa chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuelekea baharini na vitanda viwili, kimoja kitupu. Upweke wake hausemeki.

Kwa hiyo naomba Bi Tabia ahamishwe, chumba hicho kivunjwe, na upele wenyewe upigwe marufuku kwa amri. Mambo makubwa kuliko huo yamekwisha kupigwa marufuku na yakakoma.

Nisalimie wote hapo ofisini, na anayekupikia chai. Nawe ukianza kuwashwa, usimtaje mtu.

Wako mtiifu, mwenye vidole vinavyowasha,
Borafya Mjaka

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa bado mkononi mwangu, Bi Mwanamkasi akatoka mbele ya watu wote, akamnyooshea Bi Tabia mkono wake. "Mkono wenyewe huu," akasema. "Nshachoka kujificha kama mwizi." Tumepakwa dawa pamoja leo asubuhi, na sijapata kufurahi hivi tangu nihamie hapa. Basi Bi Tabia asihamishwe. Chumba nacho kisivunjwe, vitanda nimeshavisogeza. Ila upele nakuomba uupige marufuku upesi, kwani kadhi ameshaitwa, na Bi Tabia amemkataza asinishike mkono wa ndoa mpaka vidole vikauke.