Kibuyu Changu cha Kupimiwa Sukari

Leo nimeaibika mbele ya wateja wangu wote. Nawaambia mwenyewe, majirani, mapema, kabla hamjasikia ya Mzee Kibet. Yule akisimulia huongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi. Imekolea tayari.

Mnajua dada yangu Tabitha alivyotutoka. Alikwenda kukamua ng'ombe akaanguka palepale, ndoo mkononi. Moyo. Daktari mzungu wa hospitali ya Waafrika hapa Eldoret alituambia Tabitha alikuwa na sukari katika damu kwa muda mrefu, hakujua, na sukari hiyo ndiyo iliyomlia mishipa mpaka moyo ukachoka. Akasema sisi wa tumbo moja na yeye twende tupimwe. Mimi nikasema ndiyo Daktari, nikaenda zangu kuuza maziwa.

Lakini siku hizi nina kiu. Nakunywa maji kama ndama. Usiku natoka nje, narudi, natoka tena, mpaka mume wangu ananiuliza kama nimeajiriwa kulinda boma. Nikilala namwona Tabitha na ndoo yake. Nina watoto ambao bado wananililia wakikosa uji. Basi Jumapili lilipotolewa tangazo kanisani kwamba wanaotaka kupimwa sukari waje hospitalini, nikasema potelea mbali, naenda.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi: njoo bila kula, na ulete mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye chombo kisafi.

Chombo kisafi! Jamani, mnanijua mimi. Kwa usafi wa vyombo sina mpinzani kutoka Yamumbi hadi mjini. Nyumbani kuna chupa mbili. Moja ina mafuta ya taa, nyingine ina dawa ya ng'ombe. Je, hivyo ni vyombo visafi? Sufuria nayo haina kifuniko, na safari ni ndefu. Nikatazama ukutani, nikaona kile kibuyu kidogo chenye shanga shingoni, nilichokuwa nikiwatilia wageni mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kabla hakijapata ufa mdomoni. Kilikuwa kimestaafu. Kinaning'inia tu.

Nikakishusha. Nikakisugua ndani kwa ufito, nikakisuuza kwa maji moto, nikakianika. Halafu nikafanya kama nyanya yangu alivyonifundisha, kama mwanamke yeyote wa kwetu afanyavyo chombo kikitakiwa kiwe kisafi hasa. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, nikakiingiza ndani, nikasaga, nikapaka ukuta wote wa kibuyu mpaka ukang'aa kwa weusi. (Msinitazame hivyo. Nyinyi nyote mmekunywa maziwa ya mkaa huo na mkaomba tena.)

Asubuhi ya leo nikatia nilichotia. Nikafunika, nikakificha kibuyu chini ya shuka. Mgongoni nikabeba kibuyu kikubwa cha kuuza, maana kupimwa ni kupimwa na biashara ni biashara. Nikauza njiani. Kikombe cha mwisho akanywa Wafula, yule dresa mnene wa hospitali, msaidizi wa daktari, palepale langoni. Akajipangusa mdomo, akasema, "Mama Kiprono, hii ya leo imeiva sawasawa." Nikafurahi. Sikujua nimefurahia mapema.

Ndani kulikuwa na foleni, na nusu ya foleni ni wateja wangu. Wakanisalimia, nikawasalimia, nikakaa kwenye benchi kwa heshima zangu. Kumbe nimekaa karibu na Mzee Kibet.

"Mama Kiprono, maziwa iko?"

"Imeisha, Mzee. Kibuyu ni hiki, kitupu."

"Na hicho kidogo umefunika na shuka?"

Nikasema, "Hicho si cha kuuza."

"Aaa! Ni ya nani? Ya daktari?"

Nikakivuta karibu nami. Kwa kweli, Mzee alikuwa amesema kweli bila kujua.

"Yaani sisi tunanunua kila siku, lakini ile tamu unapelekea mzungu! Kwa kibuyu cha shanga!" Akawageukia watu. "Mmeona? Mmeona huyu mama?"

Foleni ikaguna. Mama mmoja aliyebeba mtoto akasema hata yeye alikuwa akishuku siku nyingi kwamba maziwa yangu mazuri yana wenyewe. Na Mzee Kibet, ambaye hajala tangu jana kwa sababu ya vipimo hivyohivyo, akaingiza mkono chini ya shuka langu na kushika kibuyu! Nikavuta. Akavuta. Mnajua nguvu za mzee mwenye njaa? Kifuniko tayari kilikuwa kimeanza kuzunguka mkononi mwake.

"Mzee, achilia!"

"Kidogo tu, nionje!"

"Mzee, utajuta!"

Wafula akaita jina langu. Sijawahi kumpenda mwanadamu namna hiyo. Nikanyakua kibuyu, nikaingia chumbani mbio, nikaacha mlango wazi nyuma yangu. (Mlango huo. Laiti ningeufunga.)

"Umenikumbuka tena!" Wafula akasema, macho kwenye kibuyu, akitabasamu.

"Si ya kunywa," nikanong'ona. "Ni ile mliitisha."

Tabasamu likapungua. "Kwa kibuyu, Mama?"

"Ni kisafi. Nimekitengeneza mwenyewe."

Hakubishana. Ana adabu yule kijana. Akachukua kibomba chake cha kioo cha kupimia, akakiinamisha kibuyu polepole, akamimina.

Ikatoka nyeusi.

Si nyeusi kidogo. Nyeusi ya masizi, ya usiku wa mvua. Wafula akaangalia kibomba, akaniangalia mimi, akaangalia kibomba tena. Akarudi nyuma hatua moja, kisha akapiga kelele iliyofika mpaka stesheni ya reli.

"Daktari! Daktari! Mkojo mweusi! Huyu mama anakufa!"

Mimi nikageuka kutazama ni mama gani anakufa.

Kumbe kuna homa mbaya ya malaria ambayo mgonjwa hukojoa maji meusi, na wengi wakifika hapo hawarudi. Hayo nimeelezwa baadaye. Wakati ule nilichoona ni watu wawili wakija na machela, wakanilaza kwa nguvu, mmoja ameshika miguu. Nikasema, "Mimi ni mzima!" Wakasema, "Pole, Mama, tulia." Nikasema, "Nimetembea kutoka Yamumbi!" Wakasema, "Usiongee, unamaliza nguvu." Mlangoni foleni yote imejaa, imenyoosha shingo. Yule mama mwenye mtoto ameanza kulia. Mzee Kibet ameshika kofia kifuani, anaomba Mungu anipokee, na anaomba kwa sauti, yeye aliyekuwa akining'ang'ania sasa hivi!

Daktari akaja anakimbia. Akanishika kipaji cha uso. Baridi. Akafunua macho yangu. Hakuna manjano. Akatazama ulimi. Akakuna kichwa. Halafu akakiona kibuyu mezani. Akakichukua, akachungulia, akaingiza kidole, akakitoa cheusi.

"Hii nini?"

"Mkaa, Bwana Daktari."

"Mkaa? Kwa nini wewe natia mkaa ndani ya mkojo?"

Hapo nikakasirika. Nikainuka, nikakaa wima juu ya machela. "Si wewe ulisema chombo kisafi? Hiyo ndiyo safi! Nimesugua, nimekausha, nimechoma senetwet! Kuna mtu amekuletea kisafi kuliko hicho?"

Wafula alikuwa amesimama pembeni, jasho linamtoka. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu:

"Mama Kiprono... ile nimekunywa langoni... ilitoka kwa kibuyu gani?"

Woi!

Foleni nzima ikasikia. Nikaona swali likitembea kutoka uso hadi uso, kila mmoja anakumbuka kikombe chake cha jana, cha juzi, cha mwaka jana. Mmoja akatema mate nje. Kisha mtu akacheka. Kisha wote. Walicheka wakashika kuta. Mzee Kibet alikaa chini, hakuweza kusimama, anarudia tu, "Nilitaka kuonja! Mungu wangu, nilitaka kuonja!" Hata daktari aligeuka ukutani, mabega yanatikisika.

Niliteremka kwenye machela. Sitaki kudanganya, nilikuwa naenda nyumbani. Nilishafika mlangoni na shuka langu kichwani, machozi yako hapa. Nilijiambia sirudi hospitali tena, na maziwa nitauza Kaptagat ambako hawanijui.

Halafu kiu ikanishika. Kiu ileile. Nikamwona Tabitha na ndoo yake, nikahisi hofu kubwa kuliko aibu. Nikageuka.

"Wafula," nikasema, "nipe chupa."

"Mama?"

"Chupa! Sijapimwa. Mmenicheka tu, hamjanipima."

Wakaacha kucheka. Nikapewa chupa ya kioo, nikaenda nyuma, nikarudi nayo nimeiinua juu waione wote. Safari hii ilikuwa maji ya kawaida. Wafula akachanganya kidogo na dawa yake ya buluu, akachemsha juu ya taa. Ikibaki buluu, huna sukari. Nikaitazama ile dawa kama mtu anayetazama mlango wa korti. Ikawa kijani. Nikaomba isimame hapo. Ikaenda njano.

Nina sukari, jamani. Kama Tabitha.

Daktari akanisikiliza moyo kwa mipira yake ya masikioni, akakawia. Akasema, "Moyo iko mzuri. Wewe nakuja mapema. Sukari nakaa kimya, naharibu mishipa, siku moja moyo nasimama. Lakini wewe nakuja mapema." Chai bila sukari tangu leo. Ugali kipande kidogo. Kurudi kupimwa kila mwezi. Nikamuuliza kama mursik nitaruhusiwa. Akasema kidogo, na akacheka tena, mtu mbaya yule.

Nilipotoka, foleni ilikuwa bado ipo. Nikasimama katikati yao.

"Kibuyu kile kimebaki hapa, watakichoma. Cha kuuzia ni hiki mgongoni, na vingine viko nyumbani. Anayetaka aje anuse kimoja kimoja. Asiyetaka anywe maji. Na wewe, Mzee Kibet, umekuja kupimwa au kuchunguza vibuyu vya wanawake? Usiku unaamka kwenda nje kama mimi?"

Mzee akatazama viatu vyake. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Hiyo chupa wanapatia wapi?"

Kesho asubuhi nitapita na maziwa kama kawaida, njia ileile, na langoni nitasimama. Najua nimeshapewa jina tayari, na najua nyinyi ndio mtakaolitangaza. Chekeni mpaka mchoke. Tabitha alizikwa kwa heshima zake zote, hakuna aliyemcheka, na mimi heshima hiyo siitaki bado.