Taa Ikizimika, Jibu ni Hapana

Hotuba ya Mheshimiwa Dokta Mhandisi Obedi Kashindye, Mratibu Mkuu wa Programu ya Fikra Moja, aliyoitoa kwa wananchi katika uwanja wa Igoma, Mwanza, kuadhimisha mwaka mmoja wa programu hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule aliyealikwa kupata dharura. Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano, ambaye kwa kukaimu pia ni mimi. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wenyeviti wastaafu na wenyeviti watarajiwa. Viongozi wetu wa dini mliofungua kwa sala na mtakaofunga kwa sala endapo ratiba itaruhusu. Wadau wa maendeleo, na wadau wa wadau. Wazee mliokaa kwenye turubai, vijana mliokaa juani kwa sababu za kiitifaki. Akina mama wa soko la samaki la Mwaloni mliotoka Kirumba na kuacha dagaa wenu wamelala pale ili mje kunisikiliza. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabike kwamba imezingatiwa. Mwangaluka! (Kicheko. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na sasa ni saa tisa alasiri.) Mnacheka nini? Kiongozi akisema ni asubuhi, mnapaswa kwenda naye. Fikra Moja! (Waliovaa fulana za kijani: "Tumekubali!" Wengine wanakohoa.)

Ndugu wananchi, kwa faida ya wale waliochelewa, na wapo, nawaona kule wanajipenyeza, naomba nieleze kwa ufupi usiokuwa mfupi sana kwamba Programu ya Fikra Moja ni programu ya kimkakati, ya kimageuzi na ya kisistimu, yenye lengo la kumpunguzia mwananchi wa kawaida mzigo wa kuamua, mzigo ambao utafiti wetu, ulioendeshwa kwa weledi mkubwa na mimi, umebaini kwamba unampotezea Mtanzania wa Kanda ya Ziwa asilimia sitini na mbili ya nguvu zake na asilimia hamsini na moja ya usingizi wake, jumla yake ikiwa ni asilimia mia moja na kumi na tatu, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. (Makofi.) Ndiyo maana kila mtaa ukawekewa nguzo, na juu ya nguzo sanduku jeupe, na kwenye sanduku taa ya kijani, ambapo mwananchi anafika, anasimama, anawaza jambo lake moyoni bila hata kufungua mdomo, na akili bandia iliyomo humo inamsoma, inampima, inamlinganisha na wenzake wote, na kumpa jibu. Taa ikiwaka, jibu ni ndiyo. Taa ikizimika, jibu ni hapana. Nani mwingine amewahi kuwafanyia hivyo? Hakuna.

Matokeo mnayaona. Nendeni Buhongwa. Zamani Buhongwa kila mtu alikuwa na wazo lake, huyu anashona, yule anafuga kuku, mwingine anauza mbao, vurugu tupu, hata kuwapangia takwimu ilikuwa shida. Baada ya sanduku kufungwa, wananchi walilifuata mmoja mmoja kuliuliza kama wafungue kibanda cha chipsi, na siku ile taa iliwaka kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, ikawakubalia wote bila ubaguzi. Leo hii barabara moja ya Buhongwa ina vibanda vya chipsi mia moja na kumi na viwili, vimetazamana, na wateja ni wao kwa wao. (Sauti kutoka nyuma: "Tunashindia chipsi, Mheshimiwa!") Asante kwa ushuhuda huo. Hiyo ndiyo inaitwa hamonaizesheni ya uchumi.

Sasa nije kwenye uzushi. (Anakunywa maji. Anaomba mengine.) Zipo taarifa kwamba kijana mmoja anaitwa Gidion, mwenye kibanda cha kuonyesha filamu hapo nyuma ya mafundi wa kuchomelea, amekuwa akiwatisha watu kwa filamu zile zinazotafsiriwa na madije, za mashine zinazotawala binadamu, akisema eti huwa inaanza hivi hivi, kwanza mashine inakusaidia, halafu inakuchagulia, halafu watu wote wanavaa nguo za aina moja, wanatembea kwa mstari macho yamekauka, hakuna anayejua jina lake, na yule mmoja anayesema hapana anakimbizwa juu ya mapaa mpaka mwisho wa filamu. Ndugu zangu, nimeiangalia filamu hiyo. Niliiangalia kikazi, mara nne. Nataka niwatoe hofu kitaalamu. Wale wa kwenye filamu walivalishwa kijivu, nyinyi mmevaa kijani. Wale wanaishi kwenye maghorofa ya zege, sisi Igoma tuna mapaa ya bati, mtu atakimbiaje juu ya bati asisikike? Na kubwa kuliko yote, wale hawakuulizwa kama wanataka, wakati nyinyi mliulizwa hapa hapa uwanjani, tukasema wanaokubali wanyooshe mkono wa kulia, na wasiokubali wanyooshe mkono wa kulia pia, ili kurahisisha hesabu, na mikono yote ikapanda. Huo ni utashi huru, tena ulionyooshwa.

Kwamba mtu atapoteza "umimi" wake, hilo nalo nimelisikia. Mimi nauliza, huo umimi ulikuwa unakusaidia nini? Umewahi kulipia nao kodi ya nyumba? (Kicheko hafifu.) Mtu anaamka hajui avae nini, ale nini, ampende nani, anakaa kitandani anajigeuza, eti anajitafuta. Sisi tumeshamtafutia.

Naomba mniruhusu niligusie suala la shikamoo, kwa sababu limezungumzwa sana na limeipa ofisi yangu maumivu ya kichwa. Sanduku lilipofungwa hapa Igoma, wananchi wenyewe, kwa malezi yenu mazuri, mlianza kuliamkia. Akina mama walipiga magoti kabisa mbele ya nguzo, "Shikamoo," halafu wanasubiri. Wanasubiri. Ndipo Mama Bernadeta, muuza dagaa wa Mwaloni, yule pale mwenye kitenge cha njano, usijifiche mama, akasimama mbele ya watu akasema yeye tangu azaliwe hajaona mtu mzima anayeamkiwa akanyamaza, na kwamba kitu kisichoitikia marahaba hakina mwenyewe ndani. (Vicheko. Kigelegele kimoja.) Punguzeni furaha. Maneno hayo yalileta taharuki, maana wengine walisema sanduku ni la mwaka jana, kwa hiyo ni mtoto, lenyewe ndilo linapaswa kutuamkia sisi, na wengine wakasema ni la serikali, na serikali ni mzee. Nikaunda Kamati ya Kitaalamu ya Itikio, ikaenda kukaa kwenye wekshopu katika hoteli moja ya ufukweni, ikala sato, ikatafakari, ikala tena, na ikaja na azimio ambalo leo natembea nalo kifua mbele: mwananchi ataliamkia sanduku, halafu kwa niaba ya sanduku atajiitikia mwenyewe. (Makofi ya waliokuwa kwenye kamati.) Na mmefanya hivyo mwaka mzima, nimepita mara nyingi na gari nikawaona, mtu anasema shikamoo, anajibu marahaba, anaondoka ameridhika. Nilijisikia fahari sana siku hizo.

Sasa tuje kwa mnufaika. Kila programu duniani ina mnufaika wa mfano, na wetu ni binti wa huyo huyo Mama Bernadeta, anaitwa Winnie. Winnie, simama. Geuka watu wakuone, kamera iko huku. Ndugu wananchi, binti huyu alikuwa anaelekea kupotea. Alitokea kijana mmoja, Oyoo, fundi wa injini za mitumbwi, mtu wa Mara, kijana mzuri tu kwa kumtazama, wakapendana bila kufuata utaratibu wowote, wakataka kuoana. Winnie, kwa sababu ni raia mwema, akaenda kwenye sanduku kuomba jibu, akaenda Alhamisi, maana siku nyingine yuko na mama yake Mwaloni, na taa ikazimika. Akarudi Alhamisi iliyofuata, ikazimika. Akarudi tena, nasikia siku hiyo alikuwa analia, na taa haikuyumba. Huo ndio uimara wa sistimu. Yule kijana yeye alikataa katakata kwenda kuuliza, akatoa lugha isiyofaa, kwamba hawezi kuoa kwenye nyumba ambayo ruhusa inatolewa na nguzo. Nimeambiwa amepata kazi Musoma na anahama leo hii hii, yule pale barabarani na begi lake, mwacheni aende, gari likija apande. Tumemwokoa binti. (Mama Bernadeta anamwangalia mwanawe.)

Winnie, njoo mbele. Malimi, msaidizi wangu, mpe maikrofoni na lile karatasi lake. Utasoma pale palipoandikwa "Mimi mnufaika ninaishukuru sana programu." Soma kwa hisia. (Winnie anapokea maikrofoni. Karatasi halifungui. Anasema: "Mheshimiwa, naomba kujua, ndani ya lile sanduku kuna nini?")

Hilo halijaandikwa hapo, lakini ni swali zuri, la kitaalamu, na bahati nzuri liko kwenye kipengele cha shukrani, ambacho ndicho ninachokiingia. Kaa hapo hapo mbele, binti, usiondoke, unapendeza kwenye picha.

Kwa namna ya pekee kabisa napenda kuwashukuru wafadhili wetu, ambao jina lao tutalitangaza watakapopatikana. Nawashukuru wataalamu wa akili bandia, waliopaswa kuja mwezi wa pili, kisha wa sita, na ambao mpaka ninaposimama hapa mawasiliano yao yanaendelea kufanyiwa kazi. Namshukuru Fundi Yakobo, mtoto wa hapa hapa Igoma, ambaye wakati tunasubiri mitambo aliyachomelea yale masanduku kwa bati safi na ndani yake akafunga taa moja moja ya kawaida, akaziunganisha na umeme wa mtaa, hivyo umeme ukiwepo zinawaka na ukikatika zinazimika, kazi nzuri, imara, haijaharibika hata moja. Tulidhamiria yawe ni mapambo tu ya kipindi cha mpito. Lakini nyinyi, wananchi wa Mwanza, mlianza kuyauliza mambo yenu kabla hata sijazindua, na ofisi yangu ikaona si busara kuwakatisha tamaa. Kwa hiyo mradi, kwa maana halisi ya mradi, mitambo, akili bandia, kusoma mawazo, hivyo vyote havijawahi kuwepo, na hapo ndipo ubunifu wetu ulipo, kwamba nchi nyingine zimetumia fedha nyingi sana kutengeneza mashine ya kuwatawala watu, na sisi tumepata matokeo yale yale bila mashine. Asilimia mia ya utekelezaji. Jipigieni makofi. (Hakuna makofi.)

(Mtu mmoja kwenye turubai anasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Alhamisi Igoma huwa ni zamu ya mgao wa umeme. Maneno yanapita kutoka mtu hadi mtu mpaka yanafika nyuma.)

Ni kweli, Alhamisi kuna mgao. Sioni uhusiano. (Winnie bado ana maikrofoni. Anasema: "Kwa hiyo aliyenikataza kuolewa ni nani?")

Binti yangu, tuwe wakweli, na tuiache siasa pembeni. Hakuna aliyekukataza. Ulikuwa unajikataza mwenyewe, na programu inakupongeza sana kwa moyo huo.

(Winnie anaweka maikrofoni chini, polepole. Anavua fulana ya kijani aliyoivaa juu ya gauni, anamkabidhi Malimi ambaye anaipokea bila kujua aiweke wapi, na anaanza kutembea kuelekea barabarani, alipo Oyoo. Mwanzoni anatembea, halafu anakimbia. Mama Bernadeta ananyanyuka, anajifunga kitenge vizuri, anamfuata.)

Mama, kaa. Winnie, hatujamaliza, kuna picha ya pamoja. Na wewe mzee, unakwenda wapi? Ndugu zangu, naomba utulivu, tunamalizia kwa kaulimbiu, ni fupi. Fikra Moja! (Viti vya plastiki vinasukumwa.) Nasema, Fikra Moja! (Fulana za kijani zinabaki kwenye viti.) Igoma oyee! Buhongwa oyee! Malimi, itikia basi hata wewe. (Malimi ameshafika kwenye lango la uwanja.) Jamani, simameni kwanza, hotuba haijafungwa, sala bado. Nani amewaruhusu kuondoka?