Winga Wangu na Mkia wa Katani

Leo nimevalishwa mkia.

Sisemi mzaha. Mkia wa katani, mweupe, mrefu hadi kwenye visigino, umefungwa kiunoni mwangu kwa fundo la fundi cherehani. Nikatembezwa nao kutoka uwanjani hadi sokoni hapa Same, mchana kweupe. Nyuma yangu walikuwa wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, wanaimba. (Kuimba kwa pamoja nimewafundisha mwenyewe.)

Nawaandikia ninyi wenzangu wa chuoni mlioko Mwanga kabla habari haijawafikia kwa basi. Mmoja asome kwa sauti, wengine msikilize. Na nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtaniona mjinga kuliko nilivyo.

Hapa tuna mchezo wetu tunauita timu za mdomo. Tuko watatu: mimi; Saidi, fundi cherehani, ambaye barazani kwake ndiko tunakokutana; na Mchome, karani wa stesheni, anayesema kidogo na kushinda kila mwaka. Msimu ukianza, kila mmoja wetu huchagua wachezaji wake kutoka timu zozote za huku, za tambarare na za milimani. Timu hiyo haina jezi wala uwanja, ipo mdomoni tu. Mchezaji wako akifunga bao huko anakocheza, wewe umepata alama. Mwenyewe hajui kama ni wako. Yeye anakumbatiwa na wenzake huko Kisiwani, nawe unaruka peke yako barazani kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Mwisho wa msimu, mwenye alama chache kuliko wote huvaa mkia hadi sokoni. Mwaka jana alivaa Saidi. Nilicheka hadi nikakaa chini. (Hilo mlikumbuke, maana yeye hakulisahau.)

Msimu huu Mchome alikwisha kutuacha mbali. Mimi na Saidi tulikuwa sawasawa kabisa, na ilibaki mechi moja tu, ya leo: Milimani na timu ya shamba la mkonge. Mmoja wetu angevaa mkia. Mimi nina darasa la watu wazima wanaoniita mwalimu, wengine wana umri wa mama yangu. Mtu hawezi kufundisha silabi ikiwa watu wamemwona na mkia. Kwa hiyo nilijipanga.

Katika timu yangu nilikuwa na Ramadhani, mshambuliaji wa kati wa Milimani. Mtu mzima, miguu imepinda kidogo, lakini mpira ukimkuta mbele ya goli huingia. Wiki iliyopita nikampa Saidi huyo Ramadhani, naye akaniachia nimchukue kijana ambaye hakuna aliyemtaka. Anaitwa Elisante. Winga wa kulia. Mgeni kabisa, ameongezwa Milimani juzijuzi.

Saidi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Mwalimu, una homa?"

"Sina."

"Huyo Elisante kafunga mangapi?"

"Bado."

"Bado hayajatosha, au bado hajaanza?"

"Hajaanza."

"Mchome, umesikia? Uwe shahidi. Asije akasema nilimlewesha dengelua."

Nikamweleza. (Mnanijua. Mtu akiniuliza saa, mimi huanza na jua.) "Saidi, kijana anayekaribia kuchomoza humtambui kwa mabao. Akishafunga kila mtu anamwona, hata wewe. Kabla ya hapo ni kama tangawizi. Majani yake hayakwambii kitu. Unachimbua kidogo pembeni, unatazama kinachojengeka chini."

"Na huko chini umeona nini?"

"Nimeona nafasi. Zakaria, winga wao wa siku zote, amekwenda kufanya kazi Tanga, upande wa kulia uko wazi. Halafu tazama nani atamlisha. Yule kiungo wao hupiga pasi ndefu ambazo Zakaria alikuwa hazifikii, amechoka. Huyu atazifikia. Na kubwa kuliko yote, tazama mazoezini wenzake wakibanwa wanamtafuta nani. Watu hawampi mpira mtu wasiyemwamini. Akipewa mara nyingi, mabao yatakuja tu, kama mvua baada ya mawingu."

"Same mawingu hupita," alisema Mchome.

Nami sikuwa nabahatisha, nilikwenda kumwona. Nilidandia lori hadi Kisiwani, nikapanda mlima kwa miguu hadi kijijini kwao, anakofanya mazoezi na vijana wa hapo. Uwanja wenyewe umechongwa ubavuni mwa mlima kama rafu ya vyombo. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili migomba, na nyuma ya goli hakuna kitu. Hewa tu, na sauti ya mto huko chini.

Jamani, yule kijana! Anapokea mpira, anainama kama anaokota kitu, beki anabaki anatafuta alipopita. Wakibanwa, wote wanaita "Elisante!" Akampita beki, akampita mwingine, akamlaza kipa. Goli tupu. Basi akafika, akaukanyaga mpira palepale juu ya mstari wa goli. Tuli! Akainua mkono. Wenzake wakamkumbatia.

Nikapiga makofi hadi viganja vikawaka. Nikasema moyoni: huu ndio utulivu wenyewe! Kijana ana goli tupu mbele yake na hana hata haraka ya kufunga! Alirudia mchana kutwa. Anawapita, anafika mstarini, anakanyaga, anainua mkono. Nikashuka mlima naimba.

Sikumuuliza mtu yeyote kwa nini anakanyaga. (Ubaoni darasani kwangu nimeandika: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwandiko mzuri kabisa.)

Basi leo. Uwanja wa Same umejaa, vumbi na upepo kama kawaida. Kando ya kona amefungwa mbuzi wa mshindi, dume kubwa lenye ndevu. (Mwenyekiti katika hotuba yake alimwita "mbuzi dume". Neno beberu siku hizi lina kazi nyingine.) Watu wa mkonge, vijana waliotoka kila pembe ya nchi, sare iliwatosha kumchukua mbuzi. Milimani lazima washinde.

Nikakaa na wanafunzi wangu, wote watu wa Milimani. Karibu yangu Mama Nakijwa, mkubwa wao kwa umri na kwa maswali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia kuna kijana wako anacheza leo."

"Yule wa kulia. Mtazame vizuri, mama. Utakuja kuwasimulia wajukuu."

(Amekwisha wasimulia.)

Nyuma yetu alikaa Mchome, na kando yake Saidi na mfuko wake wa kitenge. Ncha ya katani ilikuwa inachungulia.

Filimbi. Haukupita muda, kiungo akapiga ile pasi ndefu. Elisante akaifikia kama nilivyosema. Akainama. Beki wa mkonge akabaki nyuma. Kipa akatoka, akalazwa. Uwanja mzima ukasimama. Goli tupu! Elisante akafika mstarini, akaukanyaga mpira. Tuli. Akainua mkono.



Kipa akatambaa, akauchukua mpira chini ya mguu wake taratibu, kama mtu anayechukua kikombe mezani. Elisante bado ameinua mkono, anatafuta wa kumkumbatia.

"Mwalimu," akasema Saidi, "winga wako ameegesha."

"Ni utulivu," nikajibu. Hata mimi sauti yangu sikuiamini.

Mapumziko yalipofika nilikimbia hadi kwa Elisante. Nilimkuta kando, wenzake wamemnunia.

"Shikamoo mwalimu. Mbona hawajahesabu bao langu?"

"Bao gani, mwanangu?"

"Lile la kukanyaga!"

Ndipo akanieleza. Wenzake wa Milimani wametoka vijiji vyenye viwanja vya kawaida, yeye peke yake ndiye wa kule kwenye rafu ya vyombo. Kwao mpira ukivuka mstari wa goli unaishia mtoni. Na mpira ni mmoja, mali ya kijiji, umenunuliwa kwa mahindi ya shamba la ujamaa. Basi mkutano wa kijiji ukapitisha: bao ni kuukanyaga mpira mstarini. Anayeuvusha anaufuata mwenyewe huko korongoni, na mazoezi yamekwisha.

"Mimi sijawahi kuuvusha hata mara moja, mwalimu," alisema kwa fahari. "Tangu mtoto."

Nikavuta pumzi. Hii sasa ilikuwa kazi yangu. Nikaokota mawe, nikapanga goli. Nikamweleza polepole, bila kumkemea, maana mtu akikemewa masikio hufunga. "Kwenu mko sahihi kabisa. Lakini hapa nyuma ya goli ni tambarare. Mpira ukivuka utasimama wenyewe, hautapotea. Kwa hiyo usiukanyage. Uvushe."

"Niuvushe."

"Rudia."

"Niuvushe, mwalimu."

Nikampa kokoto alivushe kwa mguu. Akalivusha vizuri sana. Nikampigia makofi, nikarudi mahali pangu nimetulia. Nani mwingine uwanja huu anaweza kufundisha jambo zima wakati wa mapumziko?

Kipindi cha pili Elisante alikuwa moto. Mara akagonga mlingoti. Mara kipa akautoa kwa ncha za vidole. Mabeki wa mkonge wakaanza kumkaba wawili wawili, na hiyo nayo ni dalili nzuri, nikamweleza Mama Nakijwa. "Naona," alisema. "Lakini mbuzi bado yuko palepale."

Dakika za mwisho. Bado hakuna bao. Elisante akakimbia na mpira, akavuta mabeki wote upande wake, akamsukumia Ramadhani katikati. Pasi ya dhahabu! Ramadhani akampiga kipa chenga, akausukuma mpira kwa miguu yake iliyopinda. Ukaanza kubingirika kwenda golini. Polepole. Hakuna mtu mbele yake.

Sasa mnielewe vizuri hapa, jamani. Bao hilo lingewapa Milimani mbuzi. Wanafunzi wangu wote walikuwa wamekwisha simama. Lakini Ramadhani ni wa Saidi. Niligeuka nikamwona Saidi anautoa mkia mfukoni, ananipima kiuno kwa macho.

Mpira unabingirika. Elisante anakimbia kando yake, anausindikiza, uso wote furaha. Umefika mstarini.

Mguu ukatoka. Tuli!

Nami, ndugu yenu, mwalimu wa kisomo, niliruka juu mikono yote miwili nikapiga kelele: "Safiii! Hapo hapo, kijana wangu! Shikilia!"

Niliruka peke yangu. Uwanja mzima ulikuwa umeshika vichwa. Hata watu wa mkonge hawakushangilia, walikuwa bado hawaamini. Sauti yangu ilikwenda, ikagonga mlima, ikarudi.

Kipa akaulalia mpira. Refa akapuliza. Mbuzi akafunguliwa kamba, akaenda upande wa watu wa mkonge bila kutazama nyuma.

Elisante alikuwa bado mstarini, anautazama mguu wake kama unavyomtazama mbwa wako aliyemng'ata mgeni. Akaja kwangu akikaribia kutoa machozi. "Mwalimu, kichwa kilielewa kabisa. Huu mguu haukuwepo darasani."



"Mwalimu," alisema Mama Nakijwa, na watu wakanyamaza wamsikie. "Lile lilikuwa bao letu. Wewe ulikuwa unashangilia nini?"

Ningeweza kusema nimeumwa na siafu. Badala yake nikaeleza. Nikaeleza timu za mdomo, alama, Ramadhani, Saidi, mkia. Na kosa langu ni hilo: nilieleza vizuri, wakaelewa wote.

"Kwa hiyo," alisema Mama Nakijwa taratibu, "mbuzi wetu ameondoka, na wewe umefurahi kwa sababu ya kiuno chako."

"Ukiliweka hivyo, mama..."

Saidi akadakia: "Alama zetu bado sawa! Mchome, sheria inasemaje?"

Mchome akakohoa. "Sheria haisemi. Tufanye kidemokrasia. Wanaoona mkia avae mwalimu, wanyooshe mikono."

Wenzangu, sijawahi kuona darasa langu likinyoosha mikono kwa pamoja namna ile. Siku zote nawabembeleza. Milimani wakanyoosha. Watu wa mkonge wakanyoosha, wamemshika mbuzi kwa mkono mwingine. Na pale mbele kabisa, mkono umenyooka kama mlingoti, Elisante.

"Hata wewe, mwanangu?"

Akaushusha haraka. "Samahani mwalimu. Nimeona wote wamenyoosha."

Yaliyobaki nimekwisha kuwaeleza. Saidi alifunga fundo lake, akarudi nyuma hatua moja, akautazama mkia kama shati la harusi. Akasema: "Umekukaa, mwalimu. Hauhitaji kupunguzwa."

Njiani Elisante alitembea kando yangu, ameushika mkia ncha usiburuzike vumbini. Ni kijana mwema. Nikamwambia asivunjike moyo: mbio zake ni zilezile, pasi ile ya mwisho hakuna mwingine uwanjani angeiona, na mguu nao utaelimika. Msimu ujao namchukua tena, na Saidi nimekwisha mwambia. Alicheka, lakini nilimwona anafikiri.

Sasa shida yangu ni ya kesho. Tumefika kwenye silabi za mka, mke, mki, na kila silabi lazima niiandikie neno la mfano ubaoni. Mka nimepata mkate. Mke nimepata mkeka. Ya tatu Mama Nakijwa amekwisha niletea salamu kwamba wamekubaliana wote neno la kuandika, nisihangaike. Tafadhali, anayejua neno jingine aniletee kwa basi la asubuhi, na asicheke akilikabidhi.